Klabu ya Mpira na Daftari Lake

Kila mwaka mvua zinapokatika na viwanja vya Mbeya na Iringa vikaanza kukauka, vijana wa kata zetu hukusanyika, huchagua jina, hununua fulana na kuanza timu ya mpira wa miguu. Jambo hili ni jema, na hapana mtu mwenye akili atakayelilaumu. Lakini yatupasa kuuliza na swali lisilopendwa: timu zilizoanzwa mwaka juzi zi wapi? Fulana zake anazo nani? Salio la fedha zake lilikwenda wapi? Aghalabu jibu lake ni kwamba yule bwana aliyekuwa akiitunza timu amehama, au amechoka, au amefariki, na timu ikaenda naye.

Wasomaji wetu wengi ni makarani, walimu, waganga, watunza stoo na wahasibu, yaani watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuandika, kuhesabu na kuhifadhi. Kwa hiyo twataka kuwaambia leo neno moja tu, nalo ni hili: klabu ya mpira haiishi kwa magoli, wala kwa ukarimu wa mtu mmoja. Huishi kwa ada ndogo za watu wengi, zilizoandikwa katika daftari ambalo kila mwanachama aweza kulifungua na kulisoma. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na timu ya mpira ni mali kama mali nyingine.

Katika mazungumzo ya wanachama kuna maoni mawili. Wako wasemao kwamba tutafute mfadhili mwenye fedha, tuazime wachezaji hodari kutoka miji mingine, tushinde ligi ya wilaya mwaka huu huu, kisha mambo mengine yatajijenga yenyewe, kwa kuwa watu hufuata ushindi. Wako na wasemao kwamba tuanze na ada, kiwanja na watoto, hata kama tutafungwa miaka mitatu mfululizo. Hatutaki kuwadharau wale wa kwanza, maana wanayosema yana ukweli ndani yake. Watu hufuata ushindi kweli. Lakini kabla ya kubishana yafaa tutazame yaliyotokea katika nyanda zetu wenyewe.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya nchi. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, pamoja na utajiri wa mashabiki wao wote, zilitazama kombe likipanda milimani kwenda kwenye migomba na mashamba ya chai. Hiyo ni heshima isiyofutika. Hata hivyo ubingwa ule umebaki wa pekee mpaka leo, na timu ile haikudumu katika ligi ya juu. Basi yule asemaye kwamba ushindi utaijenga klabu, na atuambie ni ushindi gani ulio mkubwa kuliko ule.

Iringa nayo ina mafunzo yake. Mwaka 2019 Lipuli ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikacheza na Azam katika uwanja wa Ilulu, Lindi, ikafungwa goli 1 kwa 0. Kufika hapo ni jambo la kujivunia kwa mji usio na viwanda vingi wala bandari. Lakini msimu uliofuata ulipokwisha, mwaka 2020, Lipuli ilikuwa imeshuka daraja. Kutoka mlango wa kombe mpaka kushuka ni mwaka mmoja tu.

Mbeya City ina habari ya namna nyingine. Ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, yaani 2013/14, ilishika nafasi ya 3, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Mwaka 2023 ilishuka daraja baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mchujo. Mwaka 2025 ikapanda tena. Sisi twaona hapo fundisho: klabu yenye mwenyewe anayejulikana, mwenye ofisi na anwani, yaweza kuanguka ikainuka. Klabu iliyo mfukoni mwa mtu mmoja ikianguka, hata wa kuiokota hayupo.

Habari ya nne ndiyo inayotufanya tuandike. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, yenye jina la bonde lile lenye maji katika Usangu. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga magoli 2 kwa 1, ikakata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijafungwa. Nchi nzima ililitaja jina la Mbarali siku ile. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza kucheza kwa jina la Singida Black Stars. Hatusemi kwamba sheria ilivunjwa, wala hatumlaumu mtu, kwa kuwa mwenye mali aweza kuhama na mali yake. Twasema tu kwamba vijana waliokuwa wakipanda baiskeli kwenda kuitazama Ihefu waliamka siku moja wakakuta timu haipo, na jina la nyumbani kwao halisomwi tena katika ratiba.

Mambo haya si ya Tanzania peke yake. Wimbledon, klabu ya kusini-magharibi mwa London, ilipewa ruhusa mwaka 2002 kuhamia mji wa Milton Keynes, mwendo wa kilomita 90 hivi. Wapenzi wake hawakukaa chini kulia. Mwaka huo huo walianzisha klabu mpya, AFC Wimbledon, inayomilikiwa na wao wenyewe, wakaita vijana uwanjani kujaribiwa, wakaanza katika madaraja ya chini kabisa. Mwaka 2011 walifika katika ligi ya madaraja manne ya juu ya Uingereza, na mwaka 2020 wakarudi kucheza katika mtaa wao wa zamani. Na huko Ujerumani, tangu mwaka 1998 klabu zilipoanza kuruhusiwa kugeuzwa kuwa kampuni, iliwekwa kanuni kwamba wanachama wabaki na kura zaidi ya nusu, isipokuwa kwa klabu chache zilizosamehewa. Fedha za tajiri hupokelewa, lakini kura ya mwisho ni ya wanachama. Ikiwa mataifa yenye mali nyingi huona haja ya kuulinda uanachama, sisi wa Mwanjelwa na Kihesa tutaachaje?

Labda mtu atasema kwamba habari za ligi kuu hazituhusu sisi tunaocheza Jumamosi alasiri kwenye kiwanja cha shule. Zinatuhusu sana. Klabu ndogo nayo ina jina, ina kiwanja, ina nafasi katika ligi ya wilaya, ina mipira na fulana. Katiba isiposema vitu hivi ni vya nani, basi ni vya yule aliyelipa mara ya mwisho. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na hapo ndipo klabu nyingi zimefia.

Basi kazi ya kwanza ni katiba na uandikishaji. Sheria iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 ndiyo msingi wa kuandikisha vyama vya michezo nchini, na afisa michezo wa halmashauri ndiye wa kwanza kuonwa. Katiba isiwe ya kunakiliwa tu ili kumridhisha afisa. Iseme wazi mambo manne: kwamba jina na rangi za klabu ni mali ya wanachama wote, kwamba klabu haiuzwi wala haihamishwi ila kwa kura ya mkutano mkuu uliotangazwa mapema, kwamba viongozi huchaguliwa kwa muda maalumu, na kwamba klabu ikivunjika, mali zake zitakwenda kwa shule au kituo kilichotajwa, wala si kwa kiongozi aliyekuwa nazo siku hiyo.

Kazi ya pili ni ada. Tufanye hesabu ya mfano. Klabu ina wanachama 60, na kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 1,440,000. Kwenye karatasi hesabu hii hupendeza. Lakini sisi makarani twajua kwamba deni la kudaiwa si fedha mkononi. Ikiwa mwaka jana nusu tu ya wanachama walilipa, basi mapato ya kutegemewa ni shilingi 720,000, na matumizi ya mwaka huu yapangwe kwa hizo 720,000. Zikizidi, tumshukuru Mungu, na ziada iwekwe akiba. Klabu nyingi zimekufa kwa sababu zilipanga matumizi kwa ahadi, kisha zikaingia katika madeni, kisha mweka hazina akaanza kuwakwepa wenye maduka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu.

Utaratibu wa matumizi nao una daraja zake. Kwanza zilipwe ada za chama cha mpira cha wilaya na posho za marefa, maana bila hizo hakuna mchezo. Pili inunuliwe mipira pamoja na dawa na bendeji za huduma ya kwanza. Tatu ni nauli. Fulana mpya ziwe za mwisho. Vijana wetu hufanya kinyume: fulana zenye namba na majina mgongoni hununuliwa kwanza, kisha timu nzima hufanya mazoezi kwa mpira mmoja uliochakaa. Fulana hazifungi goli.

Kazi ya tatu ni daftari zenyewe, nazo ni nne. Daftari la wanachama, lenye jina, tarehe ya kujiunga na ada zilizolipwa. Daftari la fedha, lenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, na kila shilingi iwe na stakabadhi yake. Daftari la vifaa, lionyeshe mipira, pampu, nyavu na fulana, na nani amechukua na lini amerudisha. Na daftari la kumbukumbu za mikutano. Fedha ziwekwe benki au katika hesabu inayotambulika ya simu, kwa jina la klabu, wala si kwa jina la mtu. Na watu watatu waandikwe kuwa watia sahihi, wawili kati yao watoshe kutoa fedha. Kila baada ya miezi mitatu hesabu ibandikwe mahali wanachama wanapokutana. Mweka hazina mwaminifu atalipenda jambo hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa humlinda na masengenyo.

Kazi ya nne ni kiwanja. Miji yetu inakua upesi. Kipande cha ardhi kilichochezewa mpira tangu enzi za baba zetu huweza kuonekana asubuhi moja kimewekewa mawe ya mipaka, na aliyekuwa akikitumia hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Kwa hiyo katibu aandike barua kwa halmashauri au kwa mkuu wa shule, aombe ruhusa ya kutumia kiwanja kwa siku na saa zinazojulikana, na apewe jibu la maandishi. Kwa upande wake klabu ifyeke majani, ifukie mashimo na ichimbe mifereji kabla ya mvua za Novemba. Mwenye kukitunza kiwanja huwa na neno la kusema siku kitakapotakiwa na wengine.

Kazi ya tano ni watoto. Mchezaji wa kuazima huja na begi lake, na ligi ikiisha huondoka nalo. Lakini mtoto wa Ilomba au wa Ipogolo aliyefundishwa tangu ana miaka 12, akiwa mtu mzima atakuwa mchezaji, na miguu ikichoka atakuwa refa, mwalimu wa timu au mlipa ada. Na tunaposema watoto, hatusemi wavulana tu. Wasichana wa shule zetu hucheza vizuri, nao wana haki ya kupewa saa zao uwanjani na mpira wao katika daftari la vifaa.

Sasa tuwajibu wale wasemao kwamba bila mfadhili hakuna safari. Ni kweli kwamba nauli ndiyo inayovunja migongo ya klabu za nyanda hizi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na reli ya TAZARA, ambayo hupita Mbeya na Makambako, haifiki Iringa. Lakini dawa yake si kujiuza. Michezo ya kirafiki ya mbali iwe mmoja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Wenyeji wawalaze wageni majumbani mwao na kuwapikia, na mwaka unaofuata zamu igeuke. Kwa njia hiyo gharama kubwa hubaki nauli peke yake, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfadhili naye asikataliwe. Akitoa mipira, ipokelewe kwa shukrani, iandikwe daftarini na jina lake litajwe mkutanoni. Akitoa fedha, zitumike kwa mambo ya mara moja, kama magoli ya chuma au mtungi wa maji, wala zisitumike kwa mambo ya kila mwezi. Maana fedha za mfadhili zikishika mahali pa ada, wanachama huacha kulipa. Na siku mfadhili atakapoondoka, klabu itakuwa haina yeye wala ada. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi watumishi wa serikali kuliko watu wengine wote. Sisi ni watu wa uhamisho. Leo mtu yuko Iringa, mwezi ujao barua yaja, na mwezi wa tatu yuko Chunya au Mafinga. Klabu nyingi za mitaa zilianzishwa na makarani na walimu wenye bidii, na nyingi zilikufa siku mizigo yao ilipopakiwa. Si kwamba hawakuzipenda. Walizipenda kupita kiasi, wakazibeba kichwani peke yao, wakawa wao ndio katibu, ndio mweka hazina, ndio kocha na ndio wenye ufunguo wa kabati. Hakuna karani aondokaye ofisini bila kukabidhi: huhesabu mafaili, huhesabu stempu, huandika hati ya makabidhiano, na anayepokea hutia sahihi. Kwa nini basi mtu huyo huyo aiache klabu ya watu 60 kwa salamu za mdomo tu? Kila kiongozi awe na msaidizi anayejua kazi yake, na kila aondokaye akabidhi kwa maandishi mbele ya kamati. Apimwe kwa hilo kuliko kwa vikombe alivyoleta.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, na mwaka 1929 ikaanzishwa African Association katika Dar es Salaam. Hawakuwa na mali wala mamlaka. Walichokuwa nacho ni kalamu, na mazoea ya kukutana na kuandika. Kalamu ile tumeirithi sisi, na mtaa unatutazama tuitumie.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wa Mbeya na Iringa, kabla ligi za wilaya hazijaanza, kila mmoja aende kwenye klabu ya kata anayokaa, hata kama si hodari wa mpira, hata kama hajapiga mpira tangu shuleni. Asiende kuomba ukubwa. Aulize kama kuna daftari la wanachama. Likiwapo, alipe ada yake ya mwezi na adai stakabadhi. Lisipokuwapo, alinunue, apige mistari, aandike jina lake kwanza, na ampe kijana wa mtaa huo aliyesoma amfundishe kuliandika. Timu hiyo huenda ikafungwa mwaka huu na mwaka ujao. Lakini barua ya uhamisho itakapokuja, mwanachama wetu ataondoka, na klabu itabaki kwa wenyewe, na jina lake litaendelea kusomwa katika ratiba ya wilaya.

Mhariri